Mashine Inayojua Nilikopita

"Mama, unataka ya kumfuatilia mzee au ya kufuatilia pikipiki?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa na kijana wa duka moja la vifaa vya magari pale Ngamiani, Tanga mjini, baada ya kumwambia natafuta GPS. Kabla sijajibu alikuwa ameshatoa kijiboksi cheusi chenye nyaya zake na tundu la laini ya simu. "Hii hata akivuka mpaka wa Horohoro unamwona. Ukitaka gari lizimike, unatuma meseji, linazimika."

Nilicheka, naye akacheka. Mteja aliyesimama nyuma yangu akauliza bei.

Simlaumu kijana. Kwetu ukisema GPS watu wanaelewa hiyo: ile ya mabasi ya mikoani inayowaonyesha LATRA, wasimamizi wa usafiri wa barabarani, mwendo wa dereva, ile ya bodaboda za mkopo, ile ya matajiri wasiowaamini madereva wao. Mimi nilitaka ile nyingine, ya kubandika kwenye kioo cha mbele, yenye ramani. Nikamweleza. Akaingia ndani, akarudi na redio ya Android ya inchi tisa, bado na nailoni yake. Akaanza kunimwagia sifa: YouTube ipo, kamera ya nyuma ipo, ramani ya dunia nzima ipo.

"Nikipita njia ambayo haimo kwenye ramani," nikamuuliza, "itaikumbuka?"

Akanitazama kidogo. "Mama, hii itakupeleka popote unapotaka."

Jibu zuri, ila si la swali langu. Nimetembea nalo wiki kadhaa, sokoni, barabarani, hata kitandani, mpaka nimeona bora niliandike.

Betri ilivyovimba

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nanunua viungo milimani Amani na vijiji vya jirani. Iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu zikiwepo. Nashusha Tanga mjini. Gari ni Noah ya mtumba iliyong'olewa viti vya nyuma, na msaidizi wangu ni mtoto wa kaka yangu, anayeniita shangazi hata tukiwa tunagombana.

Mashine yangu ya zamani ya GPS niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anamaliza mkataba na kuuza vitu vya nyumba. Ilikuja na ramani ya Ulaya, ya kwetu akaja kuiweka fundi kwa memori kadi. Skrini ndogo, plastiki imepauka, inawaka yenyewe ukizungusha ufunguo.

Dalili ya kwanza ilikuwa tarehe. Siku moja ikaamka inasema tuko mwaka 2006. Mahali ilikuwa inapajua vizuri kabisa, mwaka ndio ulioipotea. Nilidhani imerukwa na akili, kumbe ni jambo linaloeleweka: ishara ya GPS inahesabu wiki kuanzia Januari 1980, na hesabu ile ina nafasi ya wiki 1024 tu. Zikijaa, inarudi sifuri. Ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019. Kifaa lazima kikisie chenyewe kiko kwenye mzunguko gani, na kifaa kizee ambacho programu yake haijasasishwa hufika siku kikakisia vibaya, kikajikuta kimerudi nyuma karibu miaka 20.

Hilo ningeishi nalo. Simuulizi mashine leo ni tarehe ngapi.

Lakini baadaye kifuniko cha nyuma kikaanza kuachana na mwili. Betri ilikuwa imevimba. Fundi alinikataza kuitoboa na akanikataza kuichaji: betri ya lithiamu ikivimba ina gesi ndani, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani mchana kutwa, hapo ndipo inapofika. Kubadilisha betri ingewezekana, ila skrini nayo ilikuwa imeanza kukataa kidole upande wa kulia. Nikajua safari yetu inaishia.

Mkono unagusa wapi

Nikakaa na daftari la mizigo, nikaandika yote ambayo mashine mpya lazima iwe nayo. Ukurasa ukajaa. Mtoto wa kaka yangu akausoma huku anakula chungwa.

"Shangazi, hii ya kutafuta vituo vya mafuta umeitumia lini?"

Sikukumbuka.

"Na hii ya kukuchagulia njia fupi?"

Akashauri jambo ambalo sikulifikiria. Tupande Kwamkoro, huko Amani, kama kawaida, yeye akae na penseli, aandike kila mkono wangu unapogusa mashine. Asiniulize, na mimi nisijitetee.

Tuliporudi mjini jioni, karatasi yake ilikuwa fupi kuliko yangu mara kadhaa. Sikuiomba mashine iniongoze hata mara moja. Sauti yake niliizima zamani, nikasahau kama inayo. Nilichogusa ni sehemu ya maeneo niliyoyahifadhi, ambapo naandika herufi tatu jina linatokea. Nikagusa kitufe cha kuhifadhi mahali papya. Na nikagusa ramani, tena na tena, kuisogeza karibu nione ule mstari.

Mstari ndio wenyewe.

Mashine ile ilikuwa inachora njia niliyopita, mstari mwembamba wa bluu, na haiufuti. Kwa mtu anayeendesha hapa mjini, kutoka Chumbageni hadi Raskazone, hauna maana yoyote. Kwa anayepanda Amani ukungu ukiwa umeshuka, katikati ya mashamba ya chai ambayo kila kona yake inafanana na nyingine, mstari ule ndio unaokuambia asubuhi uliingilia mti upi. Masika yakikata njia moja, unaangalia mistari ya miaka iliyopita: kuna mahali niliwahi kuzungukia? Kuna mstari ulioingia ukageuka ghafla? Huo ulioishia ghafla una habari zaidi ya ramani nzima. Pale gari lilirudi nyuma.

Vifaa hivi vimetengenezwa na watu ambao kwao kila nyumba ina namba na kila barabara ina jina. Unaandika anwani, kinakupeleka. Na sisi tumeanza: mwaka 2022, kabla ya sensa, tuliwekewa anwani za makazi, vibao vya barabara na namba za nyumba, na programu yake ya NaPA ipo. Ngamiani barabara zilikuwa na namba tangu zamani, kwa hiyo mtu wa Tanga hashangai. Lakini ghala la iliki lililo nyuma ya mwembe, kwenye njia ambayo mwezi wa nne inakuwa mto, kifaa hakiwezi kuniambia liko wapi. Mimi ndiye ninayekiambia.

Sasa rudi kwa swali langu la dukani. Nilikuwa namuuliza kijana kama mashine inaweza kufundishwa. Yeye alinijibu kwamba imeshajua kila kitu.

Hamsini

Kwenye karatasi ya penseli kulikuwa na kitu kimoja ambacho mkono haukugusa: jicho. Aliandika "anaangalia spidi", akapiga mstari chini.

Mashine ilikuwa inalia nikipita kilometa 50 kwa saa, kwa sababu niliiwekea mwenyewe hiyo 50. Anayetoka Tanga kwenda Muheza, safari isiyofika hata kilometa 40, anajua kwa nini. Vibao vya 50 vinafuatana na makazi ya watu, tochi ya kupimia mwendo inakaa kivulini, na faini ni shilingi 30,000. Ubishi na trafiki hauna faida, ana picha.

Halafu kuna hili ambalo madereva wengi hawalijui. Mshale wa spidi kwenye gari umetengenezwa kuzidisha kidogo. Kanuni za kimataifa za magari haziruhusu uonyeshe pungufu ya mwendo halisi hata kidogo, ila kuzidisha zinaruhusu, kwa hiyo watengenezaji wanaegemea huko. Gari likisema 54, GPS inaweza kusema 50, na mara nyingi ya GPS ndiyo iliyo karibu na kweli. Kwenye msafara wa malori pale Pongwe haina maana. Kwenye kibao cha 50, na mzigo wa kuwahi, ina maana sana.

Vitu vilivyokuwa mezani

Nianze na cha bure. Noah yangu ina ramani yake tangu Japani, ndani ya redio. Mnazijua: ukiwasha gari, dada anakusalimia kwa Kijapani, anakukumbusha kadi ya kulipia barabara za kwao, na ukichomoa betri ya gari redio inadai namba ya siri ambayo hakuna anayeijua kuanzia hapa hadi Yokohama. Ramani yake inaishia Japani. Hapo nilimaliza haraka.

Redio ya Android ndiyo iliyonisumbua, maana si mbaya. Kimsingi ni simu kubwa, inakubali programu zozote za ramani. Ila wauzaji wawili tofauti waliniambia bila bando GPS haifanyi kazi, na hilo si kweli. Setelaiti za GPS, ambazo kwa mpango wake ni 24 na kwa sasa zinazidi hapo, ziko juu kilometa 20,200 hivi. Kifaa kinasikiliza tu, hakitumi kitu. Kikizisikia nne kinajua kilipo, na hakuna anayekutoza. Bando linahitajika kwa ramani inayopakuliwa papo hapo na kwa taarifa za foleni, na foleni yangu mimi ni ng'ombe.

Wanachopatia, bila kujua sababu, ni kwamba simu hushika haraka. Setelaiti inatangaza mahali ilipo kidogo kidogo, kila sekunde 30 inarudia, na orodha kamili ya setelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kuipata yote. Simu yenye mtandao inaipata habari hiyo kwa njia ya mkato. Redio isiyo na laini, ambayo antena yake fundi ameificha chini ya dashibodi, na juu yake kuna kioo chenye tinted ya chuma, itakaa inatafuta mpaka ufike Muheza.

Simu nayo? Watu wote waliniambia tumia simu. Mdogo wangu wa Dar es Salaam alinishangaa kabisa. Natumia simu. Programu ya ramani ya OsmAnd inafanya kazi bila mtandao, inachora mstari, inahifadhi. Lakini simu yangu ndiyo duka langu. Wateja wanapiga, wakulima wanapiga, pesa inaingia na kutoka humo, na kila anayepiga anaifunika ramani. Ikikaa juani kwenye kioo inachemka na kujizima. Na kuna jambo la kumbukumbu. Ramani za Google ukizipakua zina muda wake wa kuisha, na ile historia ya safari zako, mwaka 2024 Google waliiondoa kwenye wavuti ikabaki ndani ya simu yenyewe. Sababu yao ilikuwa faragha, na ni sababu nzuri. Ila kwangu inamaanisha simu ikizama mto Sigi bila nakala, na miaka yangu imezama.

Vikabaki vifaa vyenyewe vya GPS. Garmin, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1989, na TomTom ya Uholanzi ndiyo majina yanayotajwa. Vingi vinavyofika kwetu vimetumika Ulaya, na muuzaji atakuambia ina ramani za maisha. Uliza maisha ya nani, na ramani za wapi. Maisha hayo ni ya kifaa, kwa muda ambao kampuni bado inakihudumia, na ramani ni za bara kilikonunuliwa. Kwa huku kuna Tracks4Africa, kampuni ya Afrika Kusini iliyotengeneza ramani zake kutokana na mistari ya wasafiri wenyewe, na kuna ramani za OpenStreetMap ambazo mtu anaweza kuziweka bure kwenye baadhi ya vifaa. Kwenye baadhi. Neno hilo lilinirudisha kwa fundi.

Kilichokuwa ndani

Fundi wangu wa kompyuta yuko karibu na Mabanda ya Papa. Nilimpelekea mashine ya zamani nikamwambia aniokolee majina. Nilitarajia aniambie haiwezekani, au aniambie bei.

Akatafuta waya kwenye boksi la nyaya za kamera za zamani, akaichomeka. Ikafunguka kama flashi ya kawaida. Ndani, folda. Ndani ya folda, faili moja linaloishia na herufi GPX. Akalifungua kwa programu ya kuandikia tu, ile nyepesi kuliko zote, na mimi nikasogeza kiti.

Ilikuwa maandishi.

Mstari unaoanza na -5.10 na tarakimu nyingine nyuma yake, kisha 38.63 na tarakimu zake, kisha jina. "Mzee wa iliki mwembe." Mstari mwingine, namba zinabadilika kule mwishoni tu, "Mama mdalasini geti bluu." "Maji hadi goti." "Usipite masika." "Ng'ombe wengi." "Hapa simu inashika," hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa, jiwe kubwa juu ya bonde ambapo ukisimama unapata mtandao. Nikamwambia fundi asishuke haraka. Chini ya majina, mistari yenyewe: namba mbili, saa, namba mbili, saa, maelfu kwa maelfu, na zile za karibuni zote zimeandikwa mwaka 2006 kwa sababu ya ule wazimu wa tarehe. Kulikuwa na mahali namba zimegota palepale mstari baada ya mstari. Nikauliza ni nini. Fundi akasema gari lilisimama. Nikaangalia namba, nikajua ni wapi: tulikwama tope, tukasubiri trekta.

"Hii siyo ya kampuni," fundi akaniambia. "Muundo huu wa faili upo wazi tangu 2002. Kifaa chochote kinachojua GPX kitaisoma. Hata simu. Hata mimi, nikiwa na subira."

Nilikaa pale muda kuliko nilivyokuwa na sababu.

Wiki zote zile nilikuwa natafuta mashine inayofanana na yangu. Nilikuwa napima skrini, napima kishikio, nauliza vitufe. Na kumbe nilichokiogopa kukipoteza hakikuwa kwenye skrini wala vitufe, kilikuwa faili dogo ambalo fundi alilinakili huku anajibu simu. Swali la dukani likabadilika. Lilikuwa "ina nini?" Sasa likawa: inapokea faili langu, na itanirudishia?

Hilo la pili muhimu kuliko la kwanza.

Flashi mkononi

Nikaanza kwenda madukani na flashi. Wauzaji hawajazoea. Mmoja alidhani nataka kumwekea nyimbo.

Jaribio lilikuwa hivi: weka faili langu, nione majina yangu. Kisha niruhusu nizunguke na gari mtaani, nirudi, tukichomeke kwenye kompyuta nione kama mstari wa sasa hivi umo. Asiyekubali jaribio, nilimshukuru nikaondoka.

Kifaa cha kwanza, cha Kichina kisicho na jina, skrini nzuri, ramani ya Afrika nzima kwa mujibu wa boksi. Hakikujua GPX ni nini. Nikakiambia namba kwa mkono, moja moja. Sehemu ya kuandika haikuwa na alama ya kutoa mbele ya 5, ile inayosema uko kusini mwa ikweta, na mimi sikuona mahali pa kuchagua kusini. Mzee wa iliki akahamia kusini mwa Ethiopia. Muuzaji akasema labda kahama kweli.

Cha pili kilipokea faili lakini kikakata majina. "Usipite masika" ikawa "Usipite ma". Kila kijialama cha juu, kama kile cha ng'ombe, kilikibadilisha kuwa alama ya kuuliza.

Cha tatu kilikuwa cha mtu binafsi, kimetumika, na huyo alikuwa mwelewa. Majina yote yakaingia, hata ng'ombe wakaingia wazima. Tukatoka, tukazunguka hadi Raskazone tukaona bahari, tukarudi. Mstari upo. Tukachomeka. Faili lipo, tarehe ya leo. Nikamuuliza kwa nini anakiuza. Akasema ameweka redio ya Android.

Jambo moja la tahadhari kwa mtakaonakili namba kwa mkono. Kuna vifaa vinavyoandika digrii na dakika, na vingine digrii na desimali. 5 nukta 10 ni digrii 5 dakika 6, siyo digrii 5 dakika 10. Tofauti ya hizo mbili ni dakika 4, na dakika moja kutoka kusini kwenda kaskazini ni kilometa 1.85. Utasimama zaidi ya kilometa 7 kutoka unakokwenda, na mashine inakuambia kwa furaha kwamba umefika.

Nilichokubali kukiacha

Nilikinunua hicho cha tatu. Hakina yote.

Skrini yake ni ya kioo, kama ya simu. Ile ya zamani ilikuwa ya kubonyeza, ungeweza kuigusa kwa ukucha, kwa kalamu, kwa kidole chenye vumbi la pilipili manga. Hii inataka kidole kisafi kikavu. Masika yaliyopita nimeitukana mara nyingi kuliko nitakavyoandika hapa. Juani nayo haisomeki vizuri, mtoto wa kaka amekata kava la daftari akaifanyia paa.

Mlio wa 50 umekwenda. Hiki kinalia kwa kufuata mwendo ulioandikwa kwenye ramani yake, na kwenye ramani yake barabara nyingi za huku hazijaandikwa mwendo wowote, kwa hiyo kinanyamaza kwa heshima. Nilitafuta namna ya kukiwekea 50 yangu, sikuiona. Simu ya zamani iliyopasuka kioo sasa inakaa kwenye mfuko wa mlango ikiwa na programu moja tu ya spidi. Inalia kama kuku aliyekanyagwa. Mtoto wa kaka amesema yuko tayari kuifanya kazi hiyo kwa mdomo, kwa malipo kidogo.

Ramani mpya imenipa kimoja ambacho sikukitarajia. Ile ya zamani ilikuwa haijui chochote kuhusu ujenzi wa barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo. Nikienda upande wa Pangani, gari lilionekana linaelea porini. Sasa linaonekana barabarani. Ni furaha ya kitoto, lakini ipo.

Kidogo kuhusu mashine ya zamani kabla sijaiweka. Ina sehemu inaitwa nyumbani. Ukiuza au ukigawa kifaa chako, futa hiyo kwanza.

Njia za watu

Sasa lile ambalo bado linanila.

Kuna mfanyabiashara wa viungo, mwenzangu na mshindani wangu, aliposikia mashine inakufa akaniambia nusu kwa utani: "Dada, niuzie hata mbovu." Tulicheka sote. Lakini alimaanisha, na mimi nilielewa thamani anayoiona. Ndani ya faili lile kuna kila ghala, kila mlango wa nyuma wa kuingilia bonde, na ni wapi usipite mwezi gani. Ni mtaji wangu.

Upande mwingine kuna hiyo OpenStreetMap ambayo nimeitumia bure. Ilianza mwaka 2004 Uingereza, na inajazwa na watu wa kawaida. Dar es Salaam, tangu 2015, wanafunzi na wakazi waliingia mitaani na mradi wa Ramani Huria kuchora mitaa inayofurika, na ukiitazama leo utaona mpaka mifereji. Ukija milimani kwetu, mistari ni michache. Baadhi ya njia zisizokuwepo ninazo mimi. Gari la wagonjwa likiitwa usiku, dereva mgeni angezihitaji kuliko mimi ninavyozihitaji.

Nilitafuta njia ya katikati, nikaipata: unaweza kutuma mstari bila majina, na unaweza kuukata kabla haujafika mlangoni kwa mtu. Barabara ya umma ni ya umma. Mwembe ni wa mzee. Hapo nikajiona mwenye busara.

Bado nilisita, nikaona nimuulize yeye mwenyewe, mzee wa iliki. Nilimkuta anaanika. Nikamwamkia, nikamweleza kwa kirefu: mashine, mistari, jinsi ninavyoweza kuiweka njia ya kwake watu wote waione, na jinsi ninavyoweza kuificha jina lake ili asisumbuliwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu," akasema, "wakija wanunuzi wengine, bei ya iliki itapanda au itashuka?"

Nikasema inaweza kupanda.

"Kwa hiyo hapo ulikuwa unanificha mimi, au unawaficha wao?"

Mtoto wa kaka aligeuka akaangalia chai.

Barabara nimezituma, zote za umma, zimekatwa kabla ya milango. Jina la mzee nililiacha nje kama nilivyopanga, naye akaniambia angependa liwekwe, na namba ya simu pia. Hilo bado tunabishana. Wiki ijayo napanda tena kuchukua mdalasini na iliki, na bei ameshanitumia kwa meseji.

Imepanda.